Meli ya Ghorofa ya Bwana Tembo

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, wanyama walipokuwa na majumba na mabishano kama sisi, mto ulianza kumeza vijiji. Kila siku maji yalipanda. Bwana Tembo, mkubwa wa wote, akaunda meli ya kuwahamisha raia wake. Na meli gani hiyo! Ghorofa juu ya ghorofa, na juu kabisa sebule ya wakubwa.

"Wakubwa juu, wadogo chini!" akatangaza. Ndiyo desturi yao: mwenye cheo hakai chini ya mtu.

Bi Nguchiro, mama wa watoto wengi, hakuridhika mpaka ajaribu. Akachukua kifuu cha nazi, akakisimikia kijiti, akabandika donge la udongo kileleni. Akakiweka kwenye karai la maji, akapuliza. Fuuu! Chubwi! Kikapinduka.

Akalihamishia donge chini, ndani ya kifuu. Akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Kikayumba, kikayumba, kikasimama!

"Nimepata! Nimepata!" Akatimua mbio hadi kwa Tembo. "Bwana Tembo! Uzito ukikaa juu, meli itapinduka! Nyinyi wakubwa kaeni chini!"

"Mimi? Nikae chini ya nguchiro?" Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea.

"Kifuu na meli wapi na wapi!" akadakia Mzee Kifaru. "Kacheze na karai lako huko!"

Bi Nguchiro aliumia sana. Meli ikizama, wanawe waliopangiwa chini wasingepata hata pa kutokea. Akawaza, kisha akatabasamu.

Siku ya kupanda, aliwahi tumboni mwa meli na sufuria ya ndizi za nazi. Lo, harufu hiyo! Akasimama mlangoni, akapaza sauti: "Huku ni kwa wadogo tu! Wakubwa marufuku!"

"Marufuku?" Kifaru akanusa. "Nani wa kunipiga marufuku mimi?"

"Samahani, Mzee Kifaru. Chakula chetu, kivuli chetu. Nyinyi nendeni juu mkaungue na jua."

"Toka hapo!" Tembo akafoka. "Amri mpya! Wakubwa chini, wadogo juu!"

"Jamani, mnatuonea!" akalia Bi Nguchiro, huku akiwasukuma wanawe ngazini, upesi upesi.

Gudu! Gudu! Wakubwa wakashuka. Kamba ilipofunguliwa tu, likaja wimbi la mafuriko, refu kuliko miti. Puuu! Meli ikalala ubavu. Watoto wakapiga mayowe, wakang'ang'ania nguzo. Ikalala zaidi, ikasita, ikainuka!

"Imesimama! Imesimama!" wadogo wakashangilia. Bi Nguchiro akawakumbatia wanawe akilia kwa furaha.

Huko chini, Tembo alikuwa amefunua sufuria. "Ndizi tatu tu! Nguchiro, umetudanganya!"

"Ndiyo, Bwana Tembo, nimewadanganya," akajibu Bi Nguchiro. "Ndiyo maana uko hai na unaweza kunifokea."

Basi wanangu, jambo lililojaribiwa likaonekana kweli, msilikatae kwa sababu aliyelileta ni mdogo.