Sheria ya Fisi ya Kuuliza Umri

Ngano, ngano! Mgongo unaniuma, mboga sijamaliza kuchambua, na nyinyi hata kikombe hamjaosha. Haya, sogeeni. Na mwitikie kwa nguvu, msinifanye niongee na kuta.

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na aibu isiyo na pa kujificha!

Basi. Zamani wanyama walikuwa na kompyuta, kila nyumba yake. Fisi, mkubwa wa kijiji, akatoa sheria: kila kompyuta, kabla haijaamka, imtazame mtu usoni na kumuuliza umri, wake na wa wanawe.

"Ni kwa ajili ya watoto," akasema Fisi, akameza mate.

Wanyama wakapiga makofi, pa pa pa! Mama Mbuzi alipiga kuliko wote.

Ukibonyeza, tii! Unaulizwa. Ukijibu, tii! Jibu limefika kwa Fisi. Mama Mbuzi akabonyeza, tii! "Mwanangu ana miezi mitatu." Kesho yake mtoto hayupo, wala njuga yake ya shingoni. Sungura akabonyeza, tii! "Wangu wana wiki mbili." Kesho yake hawapo.

Digidigi, bibi wa wajukuu saba, akabonyeza. Tii! Kompyuta ikakitazama kile kimo chake kifupi. "Wewe mtoto. Sifunguki."

"Mtoto mama yako!" akasema Digidigi.

Asubuhi, ngo ngo ngo! Fisi mlangoni, chumvi mkononi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani, Bwana Mkubwa? Nakaa peke yangu."

Fisi akaficha chumvi, akaondoka tepe tepe. Digidigi akawaza: Aliyeniita mtoto ni mashine tu. Huyu kaambiwa na nani? Na binti yangu kesho anawaandikisha wale saba!

Akakimbilia barazani, kila mtu akaitwa.

"Bwana Mkubwa, nyati amejifia. Ini ni la mwenye umri mkubwa kuliko wote."

"Ndiye mimi!"

"Thibitisha. Mashine hatuziamini, mimi zimeniita mtoto. Kwetu umri wa mnyama husomwa menoni. Fungua kinywa."

"Mimi? Mbele za watu?"

"Basi ini achukue Kobe."

Fisi kusikia hivyo, akili ikamhama. "Aaaaa!"

Digidigi akamgonga taya. Ching! Kwenye gego la nyuma imenasa njuga, ile aliyofungwa shingoni mtoto wa Mbuzi.

Mama Mbuzi hakulia. Aliinamisha kichwa. "Nilimwandikisha mwenyewe," akasema. "Kwa kwato hizi." Hakuna aliyemtazama mwenzake, nani hakupiga makofi? Fisi akajaribu kucheka, kicheko kikamkwama. Akakunja mkia, akatazama vumbi.

"Watoto hawarudi," akasema Digidigi. "Lakini utalipa."

Funzo? Wajukuu zangu, mwenye meno akikuuliza umri, jibu upesi na useme kweli. Sheria zote hutungwa kwa kuwapenda nyinyi. Ngano imeisha, iliyokuchoma, ipulize mwenyewe.

Mnasemaje? Fisi alilipa nini? Alilipa ukimya wake. Tangu siku ile hana ruhusa ya kunyemelea nyumba ya mtu. Kabla hajafika lazima ajitaje, uuu-wip! uuu-wip!, mtoto asikie, akimbie. Na mara nyingi analala njaa.