Dawa Isiyoingia Tumboni

Hapo zamani, katika mji wa Shangapwani, palikuwa na sultani aitwaye Ghanimu, ambaye maji hakuyanywa kabisa. "Hicho ni kinywaji cha punda," husema, na kooni mwake hakikupita ila kahawa chungu na sharubati. Basi ikawa kichwa humgonga mchana kutwa, midomo imempasuka, choo kimemfunga siku nne, na hasira zake hazisemeki. Kila tabibu aliyeshindwa kumponya alitiwa gerezani. Wa mwisho alikuwa Bwanakai, mumewe Mize mchota maji, mwanamke fukara ambaye mji mzima ulimwona punguani.

Mize akaenda barazani kumwombea mumewe. Sultani akamcheka.

"Nitamfungua ukiniletea dawa isiyonunuliwa, isiyopungua kwa kutumiwa, na isiyopata kuingia tumboni mwa mtu. Ukishindwa, utamfuata huko huko."

Mize akatoka. Langoni akajikwaa, akainama kushika kidole, akakiona kijiwe cheupe kilichomkwaza. Akakitazama hata akasahau maumivu, kisha akarudi nacho ndani.

"Maulana, dawa ni hii. Sikuinunua, haipungui, wala haijaingia tumboni mwa mtu."

"Nami nitaitumiaje?"

"Itie katika bilauri, uimiminie maji safi, unywe maji, jiwe ulibakishe. Mara nane kutwa, kwa siku saba."

Sultani akakunja uso, lakini masharti aliyaweka mwenyewe mbele ya watu, basi akanywa. Siku ya tatu choo kikafunguka. Ya tano kichwa kikatulia. Ya saba akamsalimu waziri wake kwa upole, hata waziri akadhani anafukuzwa kazi.

Mize akaitwa.

"Hebu niambie, jiwe hili lina nguvu gani?"

"Halina hata chembe, Maulana. Nililiokota langoni pako. Yaliyokuponya ni maji."

Sultani akaligeuza jiwe kiganjani.

"Mbona basi hukuniambia tangu mwanzo ninywe maji?"

"Mume wangu alikwambia, Maulana. Ndiyo maana yuko gerezani."

Uso wa sultani ukaiva kwa haya. Kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka. Akaamuru matabibu wote wafunguliwe, Mize akapewa nyumba yenye kisima, naye Bwanakai alipoletwa, sultani mwenyewe akamjazia bilauri.

Nami niliyesimulia, koo limenikauka, nipisheni nikanywe.