Nyufa za Gari la Mzee Idwal

Katika bonde lao la Wales, ambako mvua hunyesha kana kwamba inalipwa mshahara, Mzee Idwal Prosser alipenda vitu viwili: mjukuu wake Elin na gari lake la magurudumu matatu. Alilinunua zamani, alipokuwa mchimba makaa, kwa sababu leseni yake ya pikipiki ilitosha kuliendesha. Bodi yake ilikuwa ya faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, nyepesi kama kopo la biskuti. Sasa ilikuwa imepauka, na nyufa zilitambaa puani mwake kama utando wa buibui.

Zilibaki wiki mbili Elin aolewe.

"Babu, sitaki gari la kukodi," alisema. "Utanipeleka kanisani wewe. Ila lipake rangi nyekundu, si hii ya jino bovu."

Mzee akamwita Mererid, fundi wa boti na magari ya faiba, mwanamke mwenye mikono ya seremala na ulimi wa wembe. Mererid akavaa barakoa, akawasha grenda, akaanza kuupanua ufa wa kwanza uwe mfereji.

"Acha! Acha!" Mzee akaliangukia gari kifudifudi. "Nimekuita uzibe ufa, wewe unauongeza?"

"Ufa wa faiba una mizizi, Mzee wangu. Usipoufukua mpaka chini ukajaza nyuzi mpya na gundi, rangi itapasuka palepale."

"Paka puti juu, piga msasa, yaishe. Huyu hajazoea kuumizwa."

"Huyu nani? Hili ni gari!"

"Toka uani kwangu!"

Mererid akafunga sanduku la vifaa. "Haya. Mkishabembelezana vya kutosha, msisahau kunialika ubatizo."

Mzee akaifanya kazi mwenyewe. Alisiliba puti, lile tope la kuzibia, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka, kisha akapuliza praima ya kijivu, rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe. Siku ya tisa bodi ilikuwa laini kama yai. Akalisukuma gari nje ili majirani wafe kwa wivu. Lakini siku hiyo jua, mgeni adimu bondeni, nalo lilikuja kutazama. Faiba ikapata joto na kutanuka. Puti ikakataa kuifuata. Kufikia saa nane mchana nyufa zote zilikuwa zimerudi, tena zimekuja na jamaa zao.

Elin alimkuta babu yake amekaa juu ya ndoo, macho mekundu.

"Vumbi la msasa," Mzee alijitetea.

"Msasa wa juzi, Babu?"

Hapo machozi yakamtoka waziwazi. "Nililionea huruma, mwanangu. Sasa utaenda kuolewa kwa basi."

"Mpigie Mererid."

"Nilimfukuza!"

"Basi anza na samahani, ndipo useme habari za gari."

Mererid alikuja kabla chai haijapoa. Alimtazama Mzee, akalitazama gari. "Hebu niambie, aliyelia ni nani? Wewe au yeye?"

"Mimi," Mzee alinong'ona.

"Basi shika grenda."

Mzee alifungua ufa mmoja baada ya mwingine mpaka pua ya gari ikawa kama shamba lililolimwa. Wakajaza vipande vya nyuzi vilivyoloweshwa gundi, wakasubiri vikauke, wakasugua kwa msasa mkavu, kisha kwa msasa mlaini na maji, wameuzungusha kwenye kibao ili usichimbe mashimo.

"Fumba macho, upapase," Mererid aliamuru. "Jicho hudanganyika. Kiganja hakidanganyiki."

Mzee akapapasa, akagundua vinundu viwili vilivyompita hata fundi. Mererid akaguna, "Ulikuwa unaficha kipaji, Mzee," na Mzee akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi.

Praima ya mwisho ilikauka Ijumaa. Rangi nyekundu haikupata nafasi. Siku tisa za huruma zilikuwa zimeila. Jumamosi gari lilipanda kilima cha kanisa likiwa la kijivu, utepe mweupe puani, bibi harusi kiti cha mbele, na jua likiliwakia mgongoni. Hakuna ufa uliothubutu kuchungulia.

"Mbona hamjalipaka rangi?" jirani mmoja alipaza sauti.

"Limevaa suti!" Elin akamjibu dirishani. "Ulitaka lije harusini na gauni?"

Rangi nyekundu ilipakwa wiki iliyofuata, ikashika vizuri. Wanaouliza siri yake, Mzee Idwal huwapa msasa kwanza na jibu baadaye: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.