Maji Yaliyosema Sifuri

Hii nimeisoma nimesimama jikoni, mboga ikaungua. Naituma kwako karibu kama nilivyoipata, chumvi nimeongeza kidogo tu. Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye siku hizi hasemi, usimtumie yeye. Isome wewe kwanza.

Huko Tukuyu, ambako mvua haina adabu na baridi inakufuata mpaka kitandani, alikuwepo bwana mmoja aitwaye Gwakisa. Alikuwa na bwawa dogo la maji moto ndani ya banda la bati, kwa ajili ya waliopooza na wazee wenye magoti mabovu. Walishika bomba la pembeni, wakatembezwa taratibu ndani ya maji, na wapo waliokuja wamebebwa wakaondoka kwa miguu yao. Kazi nzuri, kusema kweli.

Lakini Gwakisa mwenyewe, mwee! Yule mtu hakujua kutulia. Chai alikunywa akitembea. Ukimsimulia jambo, alishakujibu kabla hujafika katikati. Akikaa mezani, goti lilicheza mpaka vikombe vikalia, na mkewe Atupele alizoea kushika chake kwa mikono miwili.

Sasa maji moto yana shida yake: uchafu unazaliana humo upesi sana. Kwa hiyo Gwakisa alitia dawa iitwayo bromini, ambayo inavumilia joto, na kila asubuhi aliipima kwa kimashine cha mkononi. Unachota maji ya bwawa kwenye kichupa cha kioo, unakichomeka kwenye mashine ili iyajue yakiwa matupu, kisha unatia unga wa kupimia. Maji yanageuka waridi. Dawa ikiwa kidogo, waridi hafifu. Ikiwa ya kutosha, waridi iliyokolea. Mashine inaisoma rangi ile na kukupa namba, basi. Hata wewe ungeweza.

Jumamosi ya wiki hiyo wazee wa usharika walikuwa wanakuja, basi zima. Jumapili iliyotangulia, kwa wasiwasi tu wa ugeni, Gwakisa akatia dawa kwa kukisia, na mkono wake ulikuwa mzito. Jumatatu akapima, kichupa kikabaki cheupe. Mashine ikaandika sifuri.

"Sifuri?" aliiuliza, akaigonga ubavuni. "Dawa yote ile ya jana imekwenda wapi?"

Akapima tena. Sifuri. Akatoka nje, akarudi, akapima tena kana kwamba maji yangebadili mawazo kwa kumwona anahangaika. Sifuri ileile.

"Kuna uchafu umejificha unakula dawa," akasema. Akaongeza nyingine. Kisha akaita, "Tusekile!"

Tusekile ni binti yake. Alimaliza kidato cha sita, matokeo yakaja ya kusuasua, akarudi nyumbani kumsaidia baba yake bwawani. Wagonjwa walimpenda. Alikuwa na mdomo, yule! Mzee akisitasita kwenye ngazi, Tusekile anamwambia, "Babu, maji hayaumi, njoo nikuoneshe ninavyokuoza kwa bibi yule wa kona." Wazee wakacheka, wakasahau maumivu. Alipokuwa anasugua ngazi aliimba, tena kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Siku hizi Tusekile alikuwa na maneno mawili tu.

"Ingia usugue kuta," baba yake akamwambia. "Usugue kweli, siyo kupapasa. Nawe kila kitu unapapasa. Hata shule ulisoma hivyohivyo kwa kupapasa, ndiyo maana tuko hapa. Wenzako wako chuo. Umenisikia?"

"Sawa, baba."

"Na hilo sweta, nani anasugua bwawa na sweta la mikono mirefu? Humu ndani kuna joto, unataka watu waseme nini?"

"Sawa, baba."

Sweta hakulivua. Akaingia majini mpaka magotini, akainama, akaanza kusugua.

Mkewe Atupele alikuwa mlangoni na beseni la nguo. "Baba Tuse," akasema, "hayo ya chuo si umemwambia asubuhi? Na jana. Na juzi mbele ya wageni."

"Nimemwambia, ndiyo, na yamemwingia? Wewe umeona kitu chochote usoni kwake?"

"Sijaona."

"Basi! Maneno hayajafika. Yangefika tungeona dalili. Inabidi niongeze."

Atupele akamtazama, akatazama beseni lake, akaenda kuanika nguo. Kubishana na Gwakisa kulihitaji mapafu ambayo hakuwa nayo siku hiyo.

Jumanne, sifuri. Gwakisa akaongeza dawa. Jumatano, sifuri. Akaongeza, akamwongezea na Tusekile yake: kwamba hana bidii, kwamba anatembea kama anasindikiza msiba, kwamba mtu mzima akisemeshwa hujibu. Tusekile akasema sawa, baba, akashika brashi. Humo bandani macho yalikuwa yanawasha, Gwakisa akalaumu moshi wa tanuru la kuchemshia maji. Akaenda kuzibua bomba la moshi. Akarudi, akapima. Sifuri.

Usingizi ukampaa. Alijiona Jumamosi amesimama mbele ya basi la wazee, mchungaji anashuka, naye anasema samahani, maji yangu ni machafu, rudini. Alizunguka bwawa. Alizunguka nyumba. Alisogeza viti vya wageni ukutani, akavirudisha. Mbwa wake alimfuata raundi ya kwanza, kisha akalala, akabaki kumfuata kwa macho.

Alhamisi uvumilivu ukamwisha, kama aliwahi kuwa nao. Akampigia simu fundi aliyemuuzia mashine, dada mmoja wa Mbeya mjini aitwaye Ikupa.

"Shikamoo mzee," Ikupa akaitikia.

"Marahaba. Umeniuzia kopo bovu! Wiki nzima linaniandikia sifuri. Nimetia dawa mpaka naona aibu, sifuri! Nina wageni Jumamosi, nataka hela yangu, au uje mwenyewe na..."

"Mzee, naomba nikuulize kitu kimoja."

"Uliza upesi."

"Ukitia unga, rangi haiji kabisa, au inakuja halafu inaondoka?"

Gwakisa akakigeuza kichupa mkononi. Ukweli ni kwamba hajawahi kuangalia. Yeye akitia unga alitikisa, akachomeka, akabonyeza, macho yote kwenye namba.

"Pima sasa hivi," Ikupa akasema. "Ila usikichomeke. Kishike tu mkononi ukitazame. Mimi nakusubiri hapahapa."

Akaweka simu dirishani, ikiwa na sauti kubwa. Akachota, akatia unga, akainua kichupa kwenye mwanga. Kushika kitu bila kukifanya chochote kulimtesa. Na pale ndani ya kioo waridi ikaja! Ikaja kali, nyekundu karibu, ikaenea. Halafu, hata hajapumua vizuri, ikapauka, ikaisha. Maji yakabaki meupe kama hayajawahi kuambiwa kitu.

"Imekuja!" akapiga kelele. "Imekuja, imeondoka!"

"Hapo sasa. Mzee, mashine yako nzima. Hiyo siyo sifuri ya kukosa dawa. Dawa imezidi mno, mpaka inaunguza ile rangi yenyewe. Rangi inajaribu kutoka, inachomwa, inapotea. Wewe unaona cheupe, unadhani hamna kitu, unaongeza."

Gwakisa akasimama palepale, bila kugonga wala kutikisa kitu. Wanaomjua watakwambia hilo peke yake lilikuwa tukio.

"Una maji ya chupa hapo?" Ikupa akaendelea. "Chota kifuniko kimoja cha maji ya bwawa, changanya na vifuniko tisa vya hayo safi. Yapunguze. Ukiyapunguza yataweza kusema. Kisha pima, namba utakayoipata izidishe mara kumi."

Akafanya hivyo, anamwaga ovyo, anaanza upya. Akatia unga. Waridi ikaja, ikakolea, ikakaa. Akachomeka. Mashine ikampa namba, na ilipozidishwa mara kumi, Ikupa aliguna kwenye simu.

"Mzee, mtu yeyote asiingie humo. Itambabua ngozi. Hakuna mtu ndani, sivyo?"

Gwakisa akageuka.

Tusekile alikuwa ameinama kwenye ngazi ya mwisho, maji kiunoni, mikono yote miwili imezama mpaka mabegani, anasugua alivyoambiwa.

"Toka! Tuse, toka! Toka humo!"

"Sawa, baba," akasema, akatoka, bila hata kuuliza kuna nini.

Gwakisa alimfikia akiwa bado ngazini. Akamshika mkono, akapandisha lile sweta lililolowa. Chini yake ngozi ilikuwa imeiva, imechubuka kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, na mahali pengine inaanza kubabuka. Akapandisha wa pili. Hivyohivyo.

"Tangu lini hii? Tangu lini, Tusekile? Kwa nini hukusema? Mtu anaungua siku zote hizi ananyamaza tu, wewe ni mtu gani usiye..."

Na hapo akaona. Kitu kilikuja usoni kwa binti yake, kikawaka, midomo ikafunguka. Halafu kikapauka. Kikaisha. Uso ukabaki mweupe, bila neno, na midomo ilikuwa tayari inajipanga kusema sawa, baba.

Gwakisa alikuwa ametoka kuiona rangi ile sasa hivi, ndani ya kioo.

Akakata maneno yake katikati. Sijui aliyapeleka wapi, maana yalikuwa mengi, lakini aliyameza. Akaketi kwenye ngazi ya juu, kwenye majimaji, suruali ikalowa. Akafunga mdomo. Akasubiri.

Jamani, kusubiri! Goti lilitaka kucheza, akalikandamiza kwa kiganja. Mvua ilipiga bati, Ikupa alisema haloo, haloo, kule dirishani, kisha akakata. Tusekile alitazama maji. Alimtazama baba yake kwa wizi, aone kinachofuata ni nini. Hakikufuata kitu. Akaanza kutetemeka, Gwakisa akavua koti lake akamfunika bila kusema hata "vaa".

"Nilisema," Tusekile akatamka mwishowe, kwa sauti ndogo iliyokauka.

Gwakisa akashika goti.

"Jumatatu ileile, nilipotoka majini. Nilisema baba, maji yananiwasha, nadhani dawa imezidi. Ukasema nadeka, mikono yangu imezoea simu. Jumanne nikasema tena, hukunisikia, ulikuwa unaniambia ya chuo." Machozi yakaanza. "Basi sweta nikaliacha mwilini, usiione mikono. Nikisema naongezewa, nikinyamaza naongezewa. Afadhali kunyamaza, angalau sichoki."

Akalia sasa, kilio cha kweli, cha sauti. Atupele akaja mbio akidhani kuna aliyezama. Akamkuta mumewe amekaa kwenye maji, machozi yanamdondoka, mkono mmoja uko gotini na mwingine unatafuta mahali pa kumshika mtoto pasipouma.

"Nisamehe, mwanangu," Gwakisa akasema. Na akaishia hapo, kitu ambacho mkewe alikisimulia kwa mwaka mzima.

Wakamwosha mikono kwa maji safi, wakampeleka zahanati, akapakwa dawa na kufungwa bandeji. Gwakisa mwenyewe akampigia mchungaji simu: wageni waje wiki ijayo, kosa ni langu. Kisha akafungulia bwawa, akamwaga sehemu kubwa, akajaza maji mapya ya mlimani. Dawa hakuongeza hata chembe. Akaacha maji yapumue.

Na nyumbani akafanya hivyohivyo, ingawa hapo ndipo alipokiona cha moto. Neno likimfika ulimini alitafuna karanga. Atupele alikuwa akinunua karanga kama mtu anayefungua duka. Tusekile akapita, akasubiri kuambiwa, hakuambiwa, akasimama kidogo mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, akaendelea. Siku zikapita za kimya namna hiyo, na Gwakisa aliogopa kwamba amechelewa, kwamba alichokichoma hakioti tena.

Asubuhi moja, bandeji zimeshatolewa, alikuwa anahangaika pembeni mwa bwawa na kopo la bromini mkononi.

"Baba!"

Akageuka. Tusekile alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Unatia dawa hujapima! Baba, hujapima! Tena umesimama na mabuti ya tope kwenye ngazi niliyosugua sasa hivi. Hivi wewe nani atakuvumilia? Shuka hapo!"

Macho yalikuwa yanawaka, sauti imepanda mpaka kwenye bati. Atupele, huko nje, akaacha kupepeta mchele. Kila mtu aliyemjua Gwakisa angekwambia kinachofuata.

Gwakisa alimtazama bintiye usoni. Rangi imekuja. Akasubiri aone kama itaondoka.

Haikuondoka.

"Sawa, mama," akasema, akavua mabuti.

Funzo: Mtu asiyeonesha dalili yoyote unapomsema, usikimbilie kuongeza maneno, huenda hajakosa kuambiwa, ameambiwa mpaka ameungua. Punguza, nyamaza, subiri, ndipo utakapomsikia.