Rula ya Bwana Samaki

Hamjambo? Tulieni basi, hata wewe unayetafuna.

Bwana Samaki, mkubwa wa uvuvi, alikuja kwa boti yake mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, akaleta sheria mpya: atakayekutwa na samaki aina ya sato mfupi kuliko rula yake ananyang'anywa chombo. Nyamizi alikuwa na mtumbwi mmoja tu, na ziwani wamebaki sato wadogo.

"Inaanza lini, mheshimiwa?" Nyamizi akauliza.

"Sasa hivi. Na haichagui mtu, hata mimi."

"Na hawa sato wadogo uliotunyang'anya asubuhi, wa nani?"

"Wangu. Hebu nikaangie, mama."

Bwana Samaki alikula sato mmoja, akalamba vidole, akabakiza kichwa, mifupa na mkia. Nyamizi akachukua rula, akaipima ile mifupa mbele ya wavuvi wote.

"Sato wako hajafika hata nusu ya rula, mheshimiwa. Tuachie boti. Kwako utarudi kwa miguu."

Haya, naondoka. Boti yenyewe inanisubiri, nitarudi nayo.