Mkuu wa Stesheni Aliyeijua Hong Kong

Ndugu waumini, mtu huyu nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kutazamana. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, mstaafu, mkewe alishatangulia mbele za haki. Binti yake wa pekee alikuwa akifanya kazi Hong Kong, ule mji mkubwa wa bandari kule Asia, na huko akajifungua mtoto wa kiume. Akampigia baba yake simu.

"Baba, tiketi naleta mimi. Njoo umwone mjukuu wako."

"Nakuja, mwanangu. Ngoja kwanza nijipange."

Kujipanga si dhambi. Sijaona mahali Maandiko yanamsifu mtu wa kukurupuka. Basi mzee akaanza na hali ya hewa. Akakuta katikati ya mwaka kule kuna tufani, akaahirisha. Mwisho wa mwaka kuna baridi, na yeye ana kifua, akaahirisha. Machi na Aprili kuna ukungu, ukipanda mlimani huuoni mji vizuri. Sasa mtu anakwenda kumwona mjukuu, ukungu wa mlimani unamhusu nini? Lakini aliahirisha. Mwaka ukapita, na wa pili ukaingia. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama, akaanza kukimbia.

Msidhani alikaa bure. Alijua feri ya kuvuka bandari inatumia dakika ngapi. Alijua tramu za ghorofa unapandia mlango wa nyuma, unalipa unaposhuka mbele. Alijua hata soketi za ukutani, kwamba zina matundu matatu kama zetu. Mtaani wakamwita Mzee Hong Kong. Mtu akipata safari ya nje, hata kama anakwenda Dubai, lazima apite kwake kwanza kupata maelekezo.

Siku moja akaja mama jirani, muuza vifungo, zipu na lesi pale sokoni. Alikuwa amesikia kuna mtaa Hong Kong wa vifungo vitupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Nasafiri Alhamisi ijayo. Nimekuja unielekeze."

"Alhamisi! Umejiandaa lini?"

"Si ndiyo najiandaa hapa, mzee wangu? Mengine nitauliza hukohuko. Kuuliza si ujinga."

Mzee akamwelekeza kwa saa mbili. Akampa na kifurushi cha kupeleka kwa binti yake: doti ya kanga, na kofia ya mtoto. Mama akakipokea, akakiweka mapajani, akasema, "Lakini mzee, si tuondoke wote? Mimi sijui kitu, wewe unajua yote. Unaogopa nini?"

Mzee akasema kweli, na kwa hilo mimi nampenda.

"Mwanangu, miaka thelathini na moja watu wameshuka kwenye treni wakaniuliza mimi njia. Mimi sijamwuliza mtu. Nikifika kule nikasimama barabarani, sijui pa kugeukia, nitakuwa nani?"

Mama akaenda peke yake. Alipotea mara tatu, kasema mwenyewe. Akauliza, akaelekezwa, baada ya siku kumi akarudi na vifungo vyake. Kesho yake akaenda kwa mzee. Hata chai haijamiminwa, mzee keshaanza kumhoji.

"Feri ilichukua muda gani?"

"Kama dakika kumi hivi."

"Si kumi. Ni nane."

"Mzee, mimi nilikuwa ndani yake."

"Basi siku hiyo ilichelewa."

Mnacheka. Ngojeni kidogo.

"Kifurushi nimefikisha," mama akasema. "Nilibisha hodi, mlango ukafunguliwa, mtoto akatoka ndani mbio, akanikumbatia miguu. Akasema, 'Babu!'"

Mzee akaangua kicheko. "Babu? Wewe na gauni lako?"

"Mama yake siku zote anamwambia, akija mtu kutoka nyumbani, huyo ndiye Babu. Hajawahi kuja mwingine. Nikamwambia, mwanangu, mimi siye. Basi akaniachia, akaenda kuchungulia nje, kwenye ujia. Akakaa palepale mlangoni. Tukamwita kula, hakuja."

Mzee hakusema tena habari ya feri. Roho ilimuuma, na ilionekana usoni. Yeye mwenye majibu yote akauliza jambo moja ambalo hakulisoma popote.

"Ana kimo gani?"

Mama akasimama, akaweka mkono usawa wa nyonga yake. "Hapa."

Mzee akautazama ule mkono mpaka mama akachoka kuushikilia.

Mnataka kujua kama alikwenda. Sikutunga mpaka huko. Nataka tujizungumzie sisi, maana wakuu wa stesheni tumejaa humu ndani. Tuko kwenye dini miaka na miaka. Watu wapya wanatuuliza njia, tunawaelekeza vizuri kabisa, wanakwenda na wanafika. Sisi tupo kwenye benchi lilelile. Una ndugu hamjasemezana tangu msiba wa mama yenu, na ukiulizwa unasema, natafuta maneno. Mwaka wa nne huu unatafuta maneno! Una rafiki amelazwa hospitali, nawe saa za kuona wagonjwa unazijua kwa kichwa, unawatajia na wengine. Tuambiane ukweli: maneno hayajapungua. Tunaogopa kusimama mbele ya mtu hatujui la kusema, tukaonekana wadogo. Na mimi ninayesema nina mahali ninapoogopa kwenda. Mke wangu pale mbele anapajua, ndiyo maana ameinamisha kichwa.

Hebu fikirini. Yule mtoto hakuwa anangoja mtu anayeijua Hong Kong. Hong Kong anaijua yeye, amezaliwa pale. Babu angefika hajui kitu, mtoto angemshika kidole akamwonyesha, na angefurahi ajabu kwamba kuna jambo analijua na babu halijui. Maarifa yote yale, miaka miwili, hayakumfaa mtoto hata siku moja.

Kwa hiyo wiki hii nendeni mkiwa hamjui. Mkipotea, ulizeni. Mkifika mkakosa la kusema, semeni, "Nimekuja." Hicho ndicho yule mtoto alichokuwa anangoja.