Mfereji wa Nakiete

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kugawa maji. Jina lake Mbazi, na kijiji chake kiko juu katika milima ya Upare, mahali ambapo mvua huja kwa msimu na kiu hukaa mwaka mzima. Maji ya chemchemi hukusanywa kwenye bwawa la mawe na udongo ambalo wenyeji huliita ndiva. Kukipambazuka huachiliwa, yakateremka kwa mfereji mmoja mrefu hadi mashambani, kila kaya kwa zamu yake. Kaya zilikuwa thelathini na saba. Mbazi alizijua zamu zote kwa kichwa, na kwa miaka ishirini hakuwahi kumkosea mtu.

Kijiji hicho kilikuwa na sheria kongwe kuliko nyumba zake zote. Shamba la mtu likikauka siku ya zamu yake, haruhusiwi kumtaja jirani kuwa mwizi wa maji mpaka yeye na mgawaji wawe wameutembea mfereji kwa miguu, kutoka ndivani hadi shambani, bila kuruka hatua. Mbazi aliipenda sheria hiyo. Aliwahi kutembea na watu waliokuja na mapanga wakarudi wakitaniana. Katika miaka yote ishirini alikuta wezi wawili tu. Siku nyingine zote alikuta jiwe, mzizi, tope lililojaa, au shimo la fuko.

Mbazi huyo alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, Nakiete.

Nakiete alikuwa mtoto wa maneno. Akisikia mahubiri Jumapili, Jumatatu aliyarudia kisimani pamoja na kikohozi cha mchungaji, na wanawake wakacheka hadi ndoo zikafurika. Mbele ya karatasi alikuwa mtu mwingine. Aliitazama herufi ya kwanza, zilizobaki akazibuni. Neno alilolisoma vizuri mstari wa juu, mstari wa chini lilikuwa mgeni ambaye hajapata kuonana naye. Jina la kijiji chake aliliandika kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Zamu yake ya kusoma kwa sauti ilipokaribia, aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa amerudia darasa la nne mara mbili, na watoto wenzake walimwita Bibi wa Darasa.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi alisema kuna mtu amemtupia jicho. Majirani walisema ni kichwa kigumu. Mwalimu wa darasa, kijana mpole mwenye wanafunzi themanini, alimwambia Mbazi mara mbili kwamba mjini kule chini yuko mama mmoja anayewachunguza watoto wa namna hii, ampeleke. Mara zote mbili Mbazi alijibu kwamba maji hayangoji. Yeye alikuwa ameshapata jibu. Mtoto anayeweza kushika mahubiri mazima, kisha mistari mitatu ya kitabu ikamshinda, huyo hakushindwa, amekataa. Ni mvivu. Alilisema neno hilo bila hasira, kama mtu anayetaja rangi ya ng'ombe. Na mwezi wa tano alimwambia mkewe kwamba muhula ukifungwa Nakiete hatarudi shule. Atashuka mjini kwa mama yake mdogo, amsaidie kuuza chai na maandazi pale stendi.

Nakiete aliambiwa. Hakulia. Aliuliza tu kama begi lake la shule litabaki kuwa lake.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla shule hazijafungwa, mkulima aitwaye Kihedu alipanda hadi ndivani akihema.

"Ndugu yangu Mbazi," alisema, "maharage yangu yanakufa yamesimama. Wewe hapa unalinda maji au unalinda vyura?"

"Vyura hawanisumbui kama wewe."

Kihedu akaanza kumtaja mjane mwenye shamba la juu yake. Mbazi akainua mkono. "Tembea kwanza."

Wakatembea. Nakiete alifuata nyuma amebeba jembe, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na shule. Kihedu alilalamika kwa kila jiwe alilolikanyaga. Walipofika nusu ya njia, Nakiete aliwasimamisha. Nyuma yao maji yalikuwa yamejaa mfereji. Mbele yao yalikuwa yamepungua hadi kifundo cha mguu. Na kando hapo nyasi zilikuwa kijani kuliko msimu. Mbazi alipiga magoti, akachomeka mkono ubavuni mwa mfereji hadi kiwiko kikazama. Lilikuwa shimo la fuko. Maji yalikuwa yakiteremka humo kimya kimya kuelekea korongoni, kusiko na shamba la mtu yeyote.

"Basi nitamshtaki fuko," Kihedu alisema. "Sijui atakuja kikaoni amevaa nini."

Wakacheka, na Kihedu akacheka kuliko wote, maana tangu alfajiri alikuwa akimtukana yule mjane moyoni. Mbazi akaziba shimo kwa mawe na udongo. Maji yakasita, yakapanda, yakaondoka kuelekea kwenye maharage. Ilikuwa sehemu ya kazi aliyoipenda kuliko zote. Hapo ndipo Nakiete aliposema, akiyatazama maji, kwa sauti isiyo na manung'uniko wala ujeuri:

"Baba, shamba la Mzee Kihedu likikauka, mnautembea mfereji. Mimi nikikauka, mnasema sitaki maji."

Kihedu akageuka kuangalia milima. Mbazi alibaki pale pale juu ya magoti, mikono ikimchuruzika tope. Alitafuta hasira, kwa maana hasira ingemsaidia, asiipate. Alichokipata ni hesabu rahisi: kwa miaka ishirini amewakataza wenzake kumtaja mtu kabla ya kutembea, na ndani ya nyumba yake mwenyewe alimtaja mtu akiwa ameketi kwenye kigoda.

Jumatatu alimwachia Kihedu kazi ya kufungua ndiva, akashuka mjini na binti yake.

Mama yule waliyeelekezwa aliitwa Mwalimu Penina. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya shule, meza moja, na subira nyingi. Alimkaribisha Mbazi abaki ndani, kwa sharti kwamba asijibu kwa niaba ya mtoto. Kwanza aliwatuma hospitali Nakiete akapimwe macho na masikio, na wakarudi na karatasi kwamba vyote ni vizima. Kisha akauliza mambo ambayo Mbazi hakudhani yana uhusiano: Nakiete alianza kusema akiwa na umri gani, nyumbani wanaongea Kipare au Kiswahili, aliwahi kuugua sana, alikosa shule muda mrefu? Akamsimulia hadithi, na Nakiete akaisimulia upya ikiwa imenoga zaidi. Akampa nyingine isiyozidi ile kwa urefu aisome mwenyewe, na Nakiete akatoka jasho mpaka kwenye kope. Akamwambia alitaje neno, kisha aondoe sauti ya mwanzo, aseme kilichobaki. Akampa maneno yasiyo na maana yoyote, ili kubuni kusiwe na faida. Akamwonyesha herufi na picha azitaje haraka, huku saa ikiwa mezani. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Mwanzoni Mbazi alisinzia. Siku ya pili alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kwa sababu alikuwa ameutambua mwendo ule. Mama huyu haruki hatua.

Alipomaliza, Mwalimu Penina aliweka kalamu chini. Alikuwa ameshaambiwa kazi ya Mbazi, akaitumia.

"Baba Nakiete, chemchemi ya huyu ni nzuri, tena ina nguvu. Sauti anazisikia, herufi anaziona. Maji yanapotea hapa katikati, herufi inapotakiwa kugeuka sauti. Jina lake ni disleksia. Si ugonjwa, si uvivu, wala si upungufu wa akili. Amezaliwa hivyo."

"Tunaliziba vipi shimo?" Mbazi aliuliza.

"Hatulizibi. Tunachimba mfereji mwingine kando yake, sauti moja moja, kila siku, kwa muda mrefu. Nitamwandikia mwalimu wake namna ya kufanya. Huenda akasoma polepole kuliko wenzake maisha yake yote, kwa hiyo aongezewe muda, na maswali ya mtihani asomewe. Lakini atasoma." Kisha akachukua tena kalamu. "Limebaki swali moja. Katika ukoo, yuko mwingine aliyepata taabu hii?"

Mbazi aliitazama kalamu ile. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la nne. Waliomfundisha walisema ni mvivu, naye akaamini, kwa kuwa walikuwa watu aliowaheshimu. Zamu za kaya thelathini na saba alizibeba kichwani kwa sababu karatasini hazikumtulia. Barua zote za kamati ya maji alisomewa na katibu, huku akijisingizia macho. Kwa miaka thelathini alikuwa amemkasirikia yule mtoto wa darasa la nne, na mtoto mwingine alipotokea nyumbani kwake mwenye taabu ile ile, akamkabidhi hasira ile ile bila kuibadilisha.

"Andika jina langu," alisema.

Nakiete aligeuka akamtazama baba yake. Kisha kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni.

"Kumbe nimerithi kwako. Mimi nilidhani ni pua tu."

Mbazi akajishika pua. Akacheka mpaka akalia, na akalia mpaka akacheka tena, na Mwalimu Penina akavua miwani akaifuta bila sababu.

Wakati wa kurudi, wakipanda mlima, kila kibao walichokipita walishindana kukisoma, na aliyekosea alibeba mzigo wa mwenzake hadi kibao kinachofuata. Mzigo ulibadilisha mikono mara nyingi. Walifika nyumbani wamechoka, na mama yake Nakiete alikisikia kicheko chao kabla hajawaona. Habari ya stendi na maandazi haikutajwa tena katika nyumba ile.

Lakini sheria ya kijiji ina adhabu yake. Anayemtaja mtu kuwa mwizi kabla ya kutembea huingia ndivani siku ya kusafisha, akaondoa tope peke yake, mchana kweupe, wenzake wakitazama. Siku hiyo ilipofika, watu walishangaa kumwona mgawaji mwenyewe amekunja suruali, ameshika beleshi, ameingia kwenye tope hadi magotini. Mwenyekiti wa kamati alimuuliza amemtaja nani.

"Binti yangu," Mbazi alisema. "Nilimwita mvivu. Sikutembea." Akawaeleza yote, hata habari ya barua na katibu.

 Pale ukingoni mwanamke mmoja akaifunga kanga yake vizuri, akachukua karai, akashuka ndani ya tope bila kumwangalia mtu. Nyuma yake akashuka Kihedu.

"Sheria inasema peke yake," mwenyekiti alikumbusha.

"Basi utuandike wote," Kihedu alisema. "Mimi ninao wawili nyumbani niliowataja bila kutembea."

Wakaangua kicheko, na wengine wakaanza kuvua viatu. Kufikia saa nne, nusu ya kijiji ilikuwa ndani ya ndiva, na mwenyekiti naye alikuwa na tope hadi kwenye ndevu. Nakiete aliketi juu ya ukuta akiwatungia kila mmoja wimbo wa kumdhihaki, hakumsahau hata mchungaji, nao waliimba kiitikio huku wakirusha tope. Wazee wanasema ndiva haijawahi kusafishwa mapema namna ile. Na muhula mpya ulipofunguliwa, Nakiete alikuwa kwenye dawati lake, kidole kikiwa chini ya sauti ya kwanza, na mwalimu wake kijana akimngojea aimalize.

Nanyi mnaonisikiliza, leo mkirudi nyumbani, yule mtoto mliyekwisha kumpa jina, mtamwuliza nini kwanza?